Miche Mia Mbili ya Zvonka

"Basi chagua mwenyewe, Mzee," alisema Radomir. "Ama jicho lako lilikosea mwaka jana, ama kidole chako kinakosea leo. Vyote viwili haviwezi kuwa sawa."

"Kidole changu hakikosei."

"Basi ni jicho."

"Jicho langu lilibebesha nilichopewa."

"Ulipewa na nani? Na shetani?"

Ljubinka alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga wa banda la miche, mgongo wake umewaelekea mumewe na baba mkwe, akifunga miche kumi kumi kwa kamba. Hakugeuka. Alivuta fundo, akakata kamba, akaanza fungu jingine. Magoti yalimuuma, na maneno haya alikuwa ameyasikiliza kwa saa nzima, yakizunguka kama punda wa kinu.

Yalianza asubuhi baada ya kahawa. Baba mkwe wake, mzee Tihomir, mwenye miaka sabini na tisa na miwani mizito kama vitako vya gilasi, aliokota fungu lenye lebo ya Zvonka, akapitisha kidole gumba juu ya gome, polepole, kutoka kwenye kovu la kubebesha, pale jicho la mti mzuri lilipopachikwa, hadi nchani. Akaokota la pili. Akaokota la tatu. Kisha akasema, kama mtu anayesema mvua itanyesha: "Hii si Zvonka. Hii ni Moravka. Yote."

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kubadilisha lebo tu. Mwezi wa kumi na moja miche imeshang'olewa, haina jani hata moja, na yote ni fimbo za kahawia zenye mizizi. Lakini mteja wa siku ile, Spasoje, alikuwa ameagiza micheri elfu mbili kwa hesabu yenye maana: elfu moja na mia nane Moravka, cheri nyeusi, na mia mbili Zvonka, cheri ya manjano. Moravka haizai peke yake. Inataka chavua ya Zvonka, ndiyo maana vijana wa vitaluni huiita Zvonka "bwana harusi". Panda Moravka tupu, utapata shamba la maua meupe kila mwezi wa nne, watu watoke mjini kuja kupiga picha, na mwezi wa sita utaokota majani.

Spasoje alikuwa amerudi kutoka Austria, alikobandika vigae miaka ishirini na miwili, goti moja limeharibika. Mashimo elfu mbili yalikuwa yamechimbwa mlimani kwake, watu wa kupanda wamewekwa kwa kesho, na redio ilisema Jumapili ardhi itaganda. Alipiga simu kila wiki tangu masika kuuliza miche inaendeleaje, kama mtu aliyeacha mtoto kwa jamaa. Sasa lori lake lilikuwa njiani. Saa sita mchana angekuwa getini.

"Nani mwingine anayo Zvonka mwaka huu?" Tihomir aliuliza.

"Unajua nani."

Wote watatu walijua. Dragoslav, upande wa pili wa barabara. Nyumba hizo mbili zilikuwa hazijanywa kahawa pamoja kwa miaka sita, tangu Radomir aliposema mbele ya watu, kwenye ubatizo, kwamba Dragoslav anauza kuni zenye lebo.

"Kwa hiyo tunapakia hivi hivi," alisema Radomir. "Miaka mitano kabla mcheri haujazaa sawasawa. Ataanza kulaumu nyuki. Kisha atalaumu baridi. Na akija kulaumu sisi, tutasema Mzee alikuwa haoni, basi."

"Utasema hivyo?"

"Si ndiyo ukweli? Unamimina supu pembeni ya sahani, Baba. Wiki iliyopita umemsalimia mbuzi wa paroko."

"Nilimsalimia kwa sababu ana adabu kuliko wewe."

Ljubinka karibu acheke, lakini uchovu ulimzidi. Radomir hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelala saa nne nne tangu mwezi wa kumi ulipoanza, ang'oe, apange, apakie, amkimbize fundi wa trekta, na sura yake ilikuwa ya rangi ya mchanga ule aliosimama juu yake. Mtu akichoka hivyo, husema la kwanza linalomtoa mlangoni.

Na yeye Ljubinka je? Yeye alikuwa amenyamaza. Kunyamaza nako ni kupakia.

Kwa sababu alijua nani alimpa mzee vijiti vya kubebeshea.

Katika kijiji hiki kila nyumba inaishi kwa kisu. Mwezi wa nane watu wote wako chini, magoti yao yamefungwa magunia, wakienda safu kwa safu: wa mbele anachanja gome la mche mwitu na kuingiza jicho, yaani chipukizi, la mti mzuri, wa nyuma yake anafunga. Hawainui kichwa. Anayekata vijiti vya macho kutoka kwenye miti mama ndiye anayejua aina, na aliyeko chini humwamini kama mgonjwa anavyomwamini mpika dawa. Akipewa kijiti, anabebesha. Hawezi kuacha kila jicho aulize wewe ni nani.

Mwaka jana mkata vijiti alikuwa Ljubinka. Siku ya kumi na tisa ya kazi. Kijiti hukatwa na umande, kabla jua halijakausha jicho, kwa hiyo mkataji huamka kabla ya jogoo. Jioni ya kuamkia siku ile aliandika lebo zote mezani, kama alivyozoea ili asubuhi asishike kalamu kwa mikono yenye utomvu, akazitia mfukoni mwa aproni. Alikata Moravka. Lebo za Moravka zikaisha. Ikabaki moja, ya Zvonka, na miti mama ya Zvonka iko chini kabisa, karibu na mto, ng'ambo ya shamba la mahindi. Alikaa chini ya mti wa mwisho wa Moravka anyooshe mgongo. Dakika mbili, alisema.

Aliamshwa na trekta. Radomir alikuwa amekuja kuchukua magunia, anapiga honi, watu wako safuni wanasubiri. Ljubinka alisimama, kichwa kizito kama boga, akanyoosha mkono juu, akakata vijiti thelathini kutoka kwenye mti uliokuwa juu ya kichwa chake, akavipukutisha majani, akavifunga kwenye gunia lililolowa. Akaingiza mkono mfukoni. Lebo iliyokuwamo ndiyo aliyoifunga.

Alikumbuka jioni, akinawa. Alisimama na sabuni mkononi. Kisha akajiambia kwamba labda alikwenda mtoni kabla ya kukaa. Labda amesahau kwenda, si kwamba hakwenda. Masika alijiambia machipukizi yataonyesha. Yalipoonyesha, hakupita safu ile. Mwezi wa kumi majani ya Zvonka hugeuka manjano na ya Moravka hugeuka mekundu, na safu yake ilipokuwa nyekundu kama nyingine zote, mzee hakuweza kuiona, Radomir hakuwa na muda wa kutazama, na yeye alikwenda kupika pilipili za kuhifadhi koponi siku tatu mfululizo. Ana diploma ya kilimo, imening'inizwa juu ya jokofu. Hakuhitaji kidole cha mtu.

"Nipe kisu," alisema Radomir.

Sasa ndipo Ljubinka aligeuka.

"Kisu gani?" aliuliza mzee.

"Cha kubebeshea. Kiko mfukoni mwako. Mwaka ujao hushuki safuni. Utakaa kivulini, utafunga, utasimulia. Sitaki tena kusimama hapa namna hii."

Wakati wake Tihomir alikuwa akibebesha elfu mbili na mia tano kwa siku, na majirani walikuwa wakija kumwazima kwa baba yake kama watu wanavyoazima farasi. Sasa alifanya mia sita, na hizo mia sita ndizo zilizomtoa kitandani mwezi wa nane. Aliinua mkono wake wa kulia akautazama karibu sana na miwani, nyuma na mbele, kama aliyeletewa kitu cha mtu mwingine.

"Inawezekana," alisema mwishowe. "Inawezekana nilichanganya magunia. Sikumbuki kuchanganya. Lakini aliyechanganya hakumbuki, si ndiyo?"

Alitoa kisu. Kilikuwa kisu kidogo, ubao wa mpini umelika kwa kidole. Alikiweka juu ya kreti, taratibu, makali yametazama kwake.

Ljubinka alisema, "Kirudishe mfukoni, Baba."

"Acha, mkamwana. Mumeo ana haki."

"Hana. Hukuchanganya kitu. Ni mimi."

Radomir alishusha pumzi. "Luba, sasa si wakati wa kumbembeleza."

"Simbembelezi mtu. Sikwenda mtoni. Nililala chini ya Moravka, ulipopiga honi nikakata pale pale, nikafunga lebo ya Zvonka. Vijiti thelathini. Hesabu mwenyewe, macho saba kila kijiti, toa yaliyokufa, ndiyo hiyo mia mbili yako."

Nje upepo ulivuta turubai la banda, likapiga, likatulia.

"Umejua lini?" aliuliza Radomir.

"Jioni ile ile."

"Mwaka jana."

"Mwaka jana, ndiyo."

"Na leo, saa nzima hapa, umenyamaza."

"Nimenyamaza."

Radomir alikaa juu ya mfuko wa mbolea. Alianza kucheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu. "Mungu wangu. Ungenyamaza saa mbili zaidi, lori lingekuwa limeondoka."

Aliyekasirika ni mzee. Ljubinka alikuwa amefikiri, kama alifikiri lolote, kwamba mzee angefarijika. Tihomir alitwaa kisu chake, akakikunja, akakirudisha mfukoni.

"Miezi kumi na mitano," alisema. "Unanimiminia supu kila siku. Unanitazama ninavyopapasapapasa. Na leo uliniacha niseme mwenyewe kwa kinywa changu kwamba labda nilichanganya."

"Ndiyo, Baba."

"Ningekufa masika, je? Ungewaacha wanizike na cheri zako?"

"Sijui," alisema Ljubinka. Ndilo lililokuwa kweli. "Labda ningewaacha."

"Angalau hudanganyi ukiulizwa," alisema mzee, akageuza uso.

Ljubinka alisimama. Alichukua mkasi na kuanza kukata lebo za Zvonka, moja moja, akizitia mfukoni, mafungu yote ishirini. Hakuharibu kitu, miche yenyewe ilikuwa mizuri, minyoofu, yenye mizizi kama ndevu. Ilikuwa Moravka safi, na Moravka ina wanunuzi. Alichukua lebo za Moravka kwenye sanduku akazifunga mahali pake. Kazi ilichukua kama dakika kumi, na hakuna aliyemsaidia wala aliyemzuia.

"Unafanya nini?" aliuliza Radomir, ingawa aliona.

"Naandika jina la kweli. Kisha naenda kwa Dragoslav."

"Huendi."

"Naenda."

"Atakutangaza hadi Budapest. Kila soko la miche atasema, kwa kina Tihomir wanabebesha wakiwa wamelala."

"Atakuwa amesema kweli. Nipe ufunguo wa trekta."

"Luba. Mwanamke wewe. Spasoje mwenyewe hajui kutofautisha mche wa cheri na mpini wa fagio."

"Ndiyo maana analipa watu wanaojua."

Radomir alimtazama mzee apate kuungwa mkono. Mzee alikuwa ameokota fungu akifunga kamba, kidole gumba kikitembea juu ya gome. "Mpe ufunguo," alisema bila kuinua kichwa. "Na wewe mkamwana, usikubali akupe yenye mizizi mifupi. Ana tabia ya kukata mizizi ili ijae vizuri kwenye gari."

Ljubinka alivuka barabara na tela tupu likigonga nyuma yake. Ukungu ulikuwa haujapanda. Bonde lote la Morava lilikuwa jeupe, na nguzo za mabanda zilitokeza humo kama milingoti. Hakutayarisha maneno. Hakuwa na nguvu ya kuyatayarisha.

Banda la Dragoslav lilikuwa na wanawake sita mezani wakichambua miche ya waridi, na redio. Dragoslav mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akila mkate na mafuta ya nguruwe na kitunguu. Alikuwa mtu mnene, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata kanisani hadi akanyagwe mguu ili aivue.

"Nimekufa au naota," alisema. "Huyu ni mke wa Radomir uani kwangu?"

"Hujafa. Unatafuna."

"Hata peponi wanatafuna. Karibu, jirani. Umepotea njia? Kwenu ni kule, palipo na miche bora ya Serbia yote."

"Nataka Zvonka mia mbili. Sasa hivi."

Dragoslav aliacha kutafuna. "Hapa hakuna miche. Hapa kuna kuni. Mumeo alieleza vizuri sana, na paroko alisikia."

"Alikosea kusema vile."

"Anakuomba radhi kupitia kwako?"

"Hapana. Yeye bado ana hasira. Mimi ndiye nasema alikosea. Unazo au huna?"

"Ninazo mia tatu. Na zenu? Niliona safu nzima, karibu na mti wenu wa plamu, pale pembeni. Tihomir alizibebesha mwaka jana, nilimwona kwa macho yangu." Kisha uso wake ulibadilika, ukawa na huruma kidogo, na udadisi mwingi. "Ahaa. Mzee amechoka, siyo? Macho. Yametufika sote, jamani. Baba yangu mwishoni alibebesha tufaha kwenye nguzo ya waya."

Hapo palikuwa na mlango wazi. Angeweza kuguna tu, mm, na Dragoslav angetoa miche kwa huruma, na jambo lingeishia pale. Ljubinka aliuona mlango ule vizuri.

"Mzee hana kosa," alisema. "Ni mimi niliyekata vijiti. Nilikata Moravka nikaandika Zvonka."

Dragoslav aliweka mkate juu ya dirisha. "Sema tena."

"Umesikia."

"Nimesikia, lakini hawa hawakusikia kwa ajili ya redio. Zima redio, Stamena. Sema tena, jirani, mia tatu zote nitakupa, na mume wako nitamsamehe nusu."

Mwanamke mmoja alizima redio. Wote sita waliinua vichwa. Ljubinka aliwafahamu wote. Wawili walikuwa wamemfungia safuni miaka mingi iliyopita, kabla ya ugomvi, na mmoja alimshika binti yake siku ya ubatizo. Alihisi mashavu yanawaka, jambo la ajabu kwa mtu aliyekuwa na baridi tangu alfajiri.

"Mwaka jana nililala kwenye miti mama," aliwaambia. "Nilikata Moravka nikaifungia lebo ya Zvonka. Nikajua siku ile ile nikanyamaza. Mzee Tihomir alibebesha alichopewa, na leo asubuhi aligundua kwa kidole, bila kuona. Mkiulizwa mseme hivyo, msiseme vingine."

Hakuna aliyecheka. Stamena, aliyekuwa mkubwa kwao, alisema tu, "Mimi mwaka wa mafuriko nilifunga safu nzima, jicho linatazama chini. Sikumwambia mtu."

"Safu ya nani?" aliuliza Dragoslav.

"Yako."

Sasa ndipo walipocheka, na Dragoslav alipiga teke ndoo, si kwa nguvu. "Chukua," alimwambia Ljubinka. "Ziko kwenye mchanga, safu ya pili. Bei ni ile ya jirani, tutaongea Jumatatu."

Ljubinka hakuchukua kwanza. Alifungua fungu la juu, akatazama mizizi, akapitisha kidole kwenye gome. Lilikuwa jepesi zaidi, laini, lina rangi ya asali chini ya kijivu. Zvonka. Alirudisha mafungu matatu yenye mizizi mifupi akaomba mengine.

"Kuna mtu hapa anaomba au anakagua?" aliuliza Dragoslav.

"Vyote viwili."

Walipakia pamoja. Alifunika mizizi kwa magunia yaliyolowa kwa sababu ya upepo, akafunga turubai, akapanda trekta. Alipofika barabarani aliliona lori la Spasoje tayari limesimama mbele ya geti lao, na Spasoje mwenyewe akishuka kwa goti lile bovu, mkono ameshika mlango, akitabasamu. Radomir alikuwa ametoka na trei, chupa ya rakija, ile pombe kali ya matunda, na gilasi ndogo tatu, kama ilivyo desturi kabla ya kupakia. Alimtazama mkewe juu ya kichwa cha mteja na kutikisa kichwa kidogo: acha, usiseme, miche sahihi umeshaipata.

Ni kweli, miche sahihi ilikuwepo. Spasoje angepanda, angevuna, asijue lolote.

Lakini angeikuta lebo ya Dragoslav, ama ingebidi lebo ya Dragoslav ikatwe na ifungwe yao, na Ljubinka alikuwa amechoka na lebo.

Alizima trekta katikati ya barabara. Alishuka, akafuta mkono wa kulia kwenye aproni, akampa Spasoje.

"Kabla hujanywa," alisema, "nisikilize. Elfu moja na mia nane ni za mkono wetu. Zvonka mia mbili ni za jirani yule pale, ndiyo nimetoka kuzichukua sasa hivi. Zetu nilizikosea mimi, nilikata vijiti vya mti usio wenyewe. Kama hutaki miche ya nyumba mbili, sema sasa, hatutakasirika."

Spasoje alimtazama, akamtazama Radomir, akatazama tela.

"Kule mlimani mashimo yamejaa maji, na Jumapili yataganda," alisema. "Nipe unayosema ni sawa."

"Hizi ni sawa."

"Basi twende."

Ljubinka alikwishafungua turubai. Alichukua fungu la kwanza la Zvonka, akalipandisha loriani, na kumwita mumewe aache trei aje ashike upande wa pili.